Dakika Tatu Mbele ya Rafu: Kumchagulia Msomaji Kitabu Masisi na Walikale

Katika kozi ya utafiti wa nyanjani tunafundishwa kuuliza kwa subira. Tunapewa orodha ya Swadesh, ile ya maneno 100 au ile ndefu ya maneno 207, tunaambiwa tukae na mzee mmoja siku nzima, tuulize "maji" huitwaje, "mfupa" huitwaje, na kesho yake turudi kuhakikisha toni. Ni mafunzo mazuri na siyabezi. Lakini yanamwandaa mwanafunzi kwa mazungumzo yenye muda mwingi tu. Ninataka kuzungumzia swali lingine la lugha, ambalo muda wake ni dakika tatu au chini ya hapo: swali analoulizwa msomaji aliyeingia maktaba ndogo akiwa na haraka, na anataka kitabu cha kuondoka nacho.

Nasema ni swali la lugha, wala si la ukutubi peke yake. Tena nasema kwamba katika maeneo ya Masisi na Walikale, likiulizwa vibaya, msomaji anaweza kuondoka bila kitabu na akiwa na hofu juu yake. Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tuna ujuzi wa kulirekebisha, na mpaka sasa ujuzi huo tunauacha darasani.

Kwanza nieleze haraka hiyo inatoka wapi, maana wenzangu waliokulia mjini wanaweza kudhani ni uvivu wa kusoma. Nilijitolea likizo mbili katika chumba cha vitabu kwenye eneo la Masisi: vitabu kama mia tatu, rafu tano, meza moja na daftari la kuazimia. Wasomaji wengi walikuja siku ya soko. Mama ameshuka mlimani na maharagwe, ameuza, anataka kurudi kabla giza halijaingia. Mwanafunzi amepata nafasi ya mapumziko ya saa nne asubuhi, na kengele italia sasa hivi. Kijana anaingia na kusema, "Yaya, motari iko ananingoja," na kweli pikipiki inasikika nje ikinguruma. Juu ya hayo yote kuna usalama. Barabara iliyo wazi asubuhi inaweza kufungwa mchana. Mwezi Machi 2025 M23 waliingia Walikale-kati, na mapema Aprili wakaondoka. Mtu anayeishi na mabadiliko ya namna hiyo hakai mbele ya rafu akipekua vitabu kimoja kimoja. Anataka mtu amwambie: chukua hiki.

Wapo watakaosema kwamba katika hali hiyo kitabu chochote kinatosha, mradi mtu apate cha kusoma. Sikubaliani. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, ndilo eneo kubwa kuliko yote ya Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Msomaji aliyetembea asubuhi nzima, akapewa kitabu kilichomshinda ukurasa wa pili, hatarudi wiki ijayo kuomba kingine. Atakirudisha mtoto wake, au hakitarudi kabisa. Palipo na vitabu elfu kumi, ushauri mbaya hurekebishwa kesho. Palipo na vitabu mia tatu na njia ndefu, ushauri mbaya unaweza kuwa wa mwisho. Kwa hiyo uchache wa vitabu na wa muda ndio sababu ya kujifunza kushauri vizuri.

Wakutubi wenyewe wamelifikiria jambo hili zamani. Mhindi S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwanahisabati kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alichapisha mwaka 1931 kanuni zake tano za maktaba, na ya nne inamtaka mkutubi aokoe muda wa msomaji. Karibu na wakati wetu, Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, Marekani, alieleza kwamba watu huingia kitabuni kupitia milango minne: hadithi yenyewe, wahusika, mahali na lugha. Mkutubi akisikiliza jinsi mtu anavyosifu kitabu alichokipenda, atajua ni mlango upi aliuingia, kisha atamtafutia kingine chenye mlango huohuo mpana. Anayesema "sikulala mpaka nijue mwisho wake" anataka hadithi. Anayesema "yule mama nilimwonea huruma" anataka wahusika. Ni njia rahisi, na inafanya kazi ndani ya dakika mbili.

Lakini Pearl anaposema "lugha" anakusudia uzuri wa maneno, mtindo wa mwandishi. Kwetu neno hilo lina maana ya kwanza kabla ya hiyo: kitabu kimeandikwa kwa lugha gani? Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Masisi utasikia pia Kihunde, Kinyarwanda na Kitembo. Walikale kuna Kinyanga, Kikumu, Kikano na nyingine. Mlango wa lugha kwetu hauko sambamba na ile mitatu. Umesimama mbele yake, na usipofunguka huo, mingine haionekani.

Basi si tuulize tu, "Lugha yako ni ipi?" Hapa ndipo ninapotaka wenzangu watulie kidogo. Swali hilo ni la kawaida kabisa kwenye dodoso zetu. Linakuja la tatu, baada ya umri na kijiji. Lakini Masisi, kumuuliza mtu asiyekufahamu lugha yake ni ipi ni karibu sawa na kumuuliza yeye ni kabila gani, na swali la kabila halina historia nyepesi huko. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwaleta wakulima kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi kuanzia 1937 mpaka katikati ya miaka ya 1950. Walikuta na kuongeza wazungumzaji wa Kinyarwanda waliokuwapo Kivu tayari. Tangu hapo suala la ardhi, uchifu na uraia limefungwa pamoja na suala la lugha mtu anayoongea nyumbani. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wakafa au kukimbia. Wapo wasomaji wenye umri wa wazazi wetu ambao waliwahi kusimamishwa njiani na kupimwa kwa namna wanavyotamka neno. Kwao, kijana mwenye daftari na kalamu anayeuliza "lugha yako ni ipi?" si mkutubi tena.

Tuliangalie swali lenyewe kama tunavyoangalia sentensi darasani. "Lugha yako" ina kivumishi cha kumilikisha, na kivumishi hicho kinachukulia tayari kwamba mtu ana lugha moja, iliyo yake, inayomtambulisha. Majibu yanayowezekana ni majina ya jamii. Sasa tubadilishe: "Unapenda kusoma kwa lugha gani?" Hapa kinachobebwa na sentensi ni kitenzi, na kitenzi ni kusoma. Swali halidai asili ya mtu. Linachukulia kwamba anaweza kuwa na lugha kadhaa na kwamba yeye ndiye mwenye kuchagua. Anaweza kujibu Kifaransa kwa sababu ana mtihani wa Serikali, Kiswahili kwa sababu anataka kumsomea mtoto, au Kinyarwanda kwa sababu ndicho anachokisoma upesi, na hakuna jibu linalomfunga. Tofauti ya maswali haya mawili ni maneno machache, na inaokoa zaidi ya muda.

Ipo njia iliyo bora hata kuliko hiyo, nayo ni kutouliza kabisa. Weka mezani vitabu vitatu, viwili vya Kiswahili na kimoja cha Kifaransa, kisha subiri mkono wa msomaji uende wapi. Mkono unajibu bila kutaja jina la kabila lolote. Vitatu vinatosha. Kimoja ni amri, kumi ni rafu nyingine, na mwenye haraka ataondoka. Kwa sharti moja: usimchagulie mtu lugha kwa kuangalia sura yake wala kwa jina lililoandikwa kwenye kadi yake. Nimeona mahali ambapo mhudumu alimpa msomaji kitabu cha Kinyarwanda bila kuulizwa, kwa sababu ya jina tu. Msomaji yule alikirudisha mezani, akatoka bila kusema neno. Alichokuwa anatafuta kilikuwa kitabu cha kilimo.

Jambo la pili linahusu Kiswahili chenyewe. Vitabu vingi vya hadithi vya Kiswahili tunavyopata Kivu vimechapishwa Dar es Salaam au Nairobi, kwa Kiswahili sanifu. Wasomaji wetu wanazungumza Kiswahili cha Kongo: "bitabu", "batu", "kitabu ya mutoto", "niko nasoma", "ao" badala ya "au". Sisi tunajua kwamba hicho si Kiswahili kilichovunjika. Kina utaratibu wake wa ngeli, viambishi vyake na njia zake za kuonyesha wakati, na watafiti wamekiandikia tangu zamani, akiwemo Johannes Fabian aliyeonyesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyotumia na kupanga lugha hiyo huko Katanga. Tunajua, tunaandika hivyo kwenye mitihani, kisha tukikaa nyuma ya meza tunasahau. Msomaji anasema, "Niko natafuta bitabu ya hadisi," na sisi tunamjibu, "Aa, vitabu vya hadithi." Tumemsahihisha mbele ya watu. Zimebaki dakika mbili na nusu, na yeye ameshaanza kuangalia mlango.

Pendekezo langu ni jepesi: mjibu kwa Kiswahili chake, mpe kitabu cha Kiswahili sanifu, na umjengee daraja kati ya viwili hivyo. Daraja ni aya ya kwanza. Fungua kitabu, umsomee aya hiyo kwa sauti, taratibu, ukimtazama. Inachukua nusu dakika. Akitikisa kichwa na kucheka pahali pa kucheka, amekielewa. Akikunja uso kwa sababu ya neno moja au mawili, mwambie maana yake na uendelee. Akinyamaza tu, kifunge na uchukue kingine. Wasomaji wetu si wageni wa Kiswahili sanifu. Wanakisikia kanisani, wanakisikia kwenye redio. Radio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na lugha zote nne za taifa tangu 2002. Sikio limeshakizoea kuliko jicho, kwa hiyo tuanze na sikio.

Ninasisitiza kwamba anayesoma kwa sauti awe mkutubi. Ukimwambia msomaji, "Soma hapa nisikie," umempa mtihani, na wengi waliacha shule kwa sababu ya vita, si kwa kupenda. Kwa hiyo hata swali la kama mtu anajua kusoma vizuri lisiulizwe uso kwa uso. Mwulize hivi: "Mama, kitabu ni ya kusoma mwenyewe ao mutasoma pamoja na batoto?" Akisema watasoma pamoja, umejua kwamba unahitaji hadithi fupi zinazosomeka kwa sauti, na heshima yake imebaki palepale. Na "Mama" au "Papa" hapo mwanzo usiliache hata kama muda umebana. Kuliacha hakuokoi hata nukta moja, na huonekana kama dharau.

Vipi kuhusu swali la Nancy Pearl, la kitabu ulichokipenda mwisho? Kwetu linakwama, kwa sababu watu wengi hawajasoma kitabu cha hadithi baada ya shule. Ukiuliza, mtu anaona haya na kujibu, "Hapana, mimi sisomi." Lakini mtu huyohuyo ana hadithi kichwani kuliko mimi na wewe. Uliza: "Ni hadithi gani uliyosimuliwa na mpaka leo hujaisahau?" Milango mitatu ya Pearl inafunguka mara moja. Mtu akianza na sungura aliyemshinda chui, anataka hila. Akianza na msichana aliyekataa waume wote, anataka mtu wa kumfuatilia. Akianza na mto na msitu, anataka mahali.

Kwa upande wa Walikale ningesema swali hilo lina haki ya pekee. Huko ndiko kwenye masimulizi ya Mwindo ya Wanyanga. Mwaka 1956 fundi wa masimulizi, Candi Rureke, aliyasimulia, akayaimba na kuyacheza kwa siku kumi na mbili, yakaandikwa, na mwaka 1969 yakatolewa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene kwenye Chuo Kikuu cha California, kwa Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mateene alikuwa mwanaisimu, mwana wa lugha hiyohiyo ya Kinyanga, ile ambayo kwenye orodha ya Guthrie tunaifahamu kama D43. Baadaye aliandika pia sarufi ya Kihunde na kufanya kazi ya sera za lugha katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kitabu hicho kinasomwa kwenye vyuo vya Marekani. Mimi sijakikuta kwenye rafu yoyote ya Masisi wala Walikale. Msomaji anayetaja Mwindo mbele yako ametaja kitabu mashuhuri duniani, na huna cha kumpa isipokuwa jina la waandishi.

Sasa nije kwenye orodha, maana maoni bila mfano hayamsaidii mwenye kusimama mezani. Kasi ya kushauri haitengenezwi wakati msomaji amefika. Inatengenezwa jana yake. Mhudumu akikaa jioni moja na rafu yake, akachagua vitabu kumi na tano tu anavyovijua vizuri, na kila kimoja akaandika kwenye kipande cha karatasi kinamfaa nani, ni kirefu kiasi gani na kina jambo gani zito ndani, kesho yake atashauri kwa dakika moja. Hii hapa ni sehemu ya orodha niliyoitumia.

Kwa kijana anayefanya kazi ya kuvunja mawe Rubaya au aliyerudi kutoka machimbo ya Walikale, nilikuwa ninatoa Kuli cha Adam Shafi, cha 1979. Kinahusu wapakiaji wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Bahari hajaiona, lakini mzigo, mnyapara na ujira mdogo anavijua bila kuelezwa. Kwa anayetaka safari na mashaka njiani, Siku Njema cha Ken Walibora, cha 1996, kijana anayemtafuta baba yake kutoka Tanga mpaka Kenya; Kiswahili chake ni chepesi. Kwa wa kusoma pamoja na watoto, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kwa sababu kimejengwa kama hadithi za bibi, ingawa maneno mengine yanahitaji daraja nililolitaja. Kwa mama mwenye kutaka kitabu kifupi cha Kifaransa, Une si longue lettre cha Mariama Bâ, barua ya mjane kwa rafiki yake. Nacho pia kimetafsiriwa kwa Kiswahili.

Hapo pana hila moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni jozi. Mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari anajiandaa kwa mtihani wa Serikali na ameambiwa asome Une vie de boy cha Ferdinand Oyono, cha 1956. Kifaransa kinamchosha. Kitabu hicho kipo kwa Kiswahili, kinaitwa Boi. Achebe naye yupo kwa Kifaransa kama Le monde s'effondre na kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Orwell yupo kama La Ferme des animaux na kama Shamba la Wanyama. Mpe vyote viwili ukivipata. Sura ya kwanza aisome kwa Kiswahili, kisha airudie kwa Kifaransa. Kwa sababu tayari anajua kinachotokea, Kifaransa kinakuwa kazi ya maneno tu. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Jozi hizi ni njia moja ya kuitekeleza bila kusubiri wizara ilete vitabu.

Kwenye karatasi zangu kulikuwa na alama moja nyingine: vita. Nilikuwa naiweka kwenye kila kitabu chenye mauaji, kuchomwa nyumba au kubakwa. Msomaji aliyekimbia kijiji chake mara tatu hafai kukutana na ukurasa wa namna hiyo bila kujua. Lakini pia si haki kumficha. Wapo wanaotaka hasa kusoma kuhusu vita, ili waone mwingine alisemaje juu ya jambo ambalo wao hawajapata maneno yake. Kwa hiyo simwamulii. Ninamwambia kwa sentensi moja, "Hiki ndani kuna vita," naye anachagua. Sentensi hiyo ni fupi kuliko zote na ndiyo ambayo singependa mhudumu yeyote aisahau.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzangu wa kitivo, hasa wale wanaotetea lugha zetu ndogo. Watasema: wewe mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, orodha yako yote ni Kiswahili na Kifaransa, umewaacha wapi Wahunde, Wanyanga na Wakumu? Ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba mkutubi hawezi kushauri kitabu kisichokuwepo. Katika chumba kile, kwa Kihunde nilikuwa na vitabu vya ibada tu, na kwa Kinyanga sikuwa na kitu. Siwezi kumtuma mama mlimani na ahadi. Kumpa cha Kiswahili leo si kumsaliti. Kumwacha mikono mitupu kwa ajili ya msimamo wangu ndiko kungekuwa kumsaliti. Ila pengo hilo lina mwenyewe, na mwenyewe si mkutubi. Ni sisi.

Tufikirie ni kazi ngapi za kumaliza masomo zilizoandikwa katika vitivo vya lugha vya Goma, Bukavu na kwingineko juu ya methali, hadithi na nyimbo za jamii hizi. Kila moja ina kiambatisho nyuma: hadithi kumi, ishirini, zimeandikwa kwa lugha yenyewe na kutafsiriwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anatetea kazi yake, anapata alama, nakala inaingia kabatini. Mzee aliyesimulia haoni hata ukurasa mmoja. Hadithi zile ndizo kitabu ambacho msomaji wa Masisi angekichukua kwanza kabla ya Shaaban Robert na kabla ya Oyono. Tayari zimekusanywa na kuandikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitoa nyuma ya sura ya nadharia.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa kitivo, na yote yanawezekana mwaka huu. La kwanza: kila mwanafunzi anayekusanya hadithi kwa ajili ya kazi yake atoe, pamoja na nakala za chuo, kijitabu cha kurasa kumi hivi chenye hadithi hizo peke yake, kwa lugha iliyosimuliwa na Kiswahili chini yake, kwa ruhusa ya waliosimulia, na nakala mbili zirudi kwenye shule au parokia ya kijiji kile. Mashine ya fotokopi inatosha. La pili: kozi ya utafiti wa nyanjani itenge kipindi kimoja cha mazoezi ya maswali mafupi. Wanafunzi wawili wawili, mmoja msomaji mwenye haraka, mwingine nyuma ya meza, dakika tatu kwa saa. Mwalimu asikilize kama mtu amesahihishwa, kama ameulizwa kabila kwa mlango wa nyuma, kama "Mama" limesemwa, na kama mwishoni kuna kitabu mkononi.

Tukitoka katika zoezi hilo tutakuwa tumejifunza pragmatiki kuliko sura nzima ya kitabu. Na wale wetu watakaorudi nyumbani likizo, Masisi, Walikale au popote penye rafu ndogo na barabara isiyotabirika, watakuwa na kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza: kuchagua vitabu kumi na tano, kuvisoma, na kuandika karatasi kumi na tano. Siku ya soko ikifika, wawe tayari.